Muulizeni, Hamtamtia Wazo

Hakuna kikao cha wazazi na walimu wa ushauri nasaha kinachokwisha bila swali hili: "Nikimuuliza mtoto kama anafikiria kujiua, si ndiyo nitamtia wazo?" Jibu ni hapana. Limekuwa hapana kwa miaka mingi, na inauma kwamba bado tunabishania jambo hili, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayowafunga mdomo watu wazima wenye nia njema huku kijana akibadilika mbele ya macho yao: hapati usingizi, chakula hakimshuki, mpira ameuacha, vitu alivyovipenda anavigawa kwa wenzake.

Mwaka 2005, Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 2,300 katika shule sita za sekondari za jimbo la New York, Marekani. Nusu yao waliulizwa waziwazi kuhusu kujiua katika dodoso la kwanza, nusu hawakuulizwa. Siku mbili baadaye wote waliulizwa. Walioulizwa tangu mwanzo hawakuwa na mawazo hayo kuwazidi wenzao, wala dhiki yao haikuongezeka. Tena, wenye sonona walioulizwa walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenye sonona ambao hawakuulizwa. Mapitio ya tafiti 13 yaliyochapishwa mwaka 2014 nayo hayakukuta ongezeko la maana.

Mtaniambia New York si Sumbawanga. Sawa, lakini hoja ya kutia wazo inadai kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu hajawahi kusikia habari ya kujiua, naye ana simu, na amehudhuria misiba ambayo chanzo chake kilisemwa kwa kunong'ona. Shirika la Afya Duniani linakutaja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Wazo hilo lilimfikia zamani; kinachokosekana ni mtu wa kumwambia. Wengine hukumbusha kwamba vijana huigana. Ni kweli, habari zinazosimulia kifo kwa kukipamba na kueleza namna kilivyotokea huchochea uigaji, ndiyo maana waandishi wa habari huombwa wajizuie. Ila habari hizo humwagwa kwa maelfu na hakuna anayengoja jibu lao. Mzazi anayeuliza amekaa hapohapo, anasikiliza. Wapo pia wanaosema kutaja kujiua ni mkosi na dhambi. Mtoto naye anajua mnavyoliona jambo hilo, na anajua sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na Kenya ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba. Kwa aibu na woga wote huo, kumngoja aanze yeye ni kumtwisha mzigo usio wake.

Wengi wanaothubutu huuliza vibaya: "Wewe huna mawazo ya kijinga, eti?" Swali hilo limekwisha kujijibu, na kijana atasema hana ili mzazi apumue. Semeni: "Mwanangu, naona umelemewa. Umefikiria kujiua?" Kisha nyamazeni mpaka ajibu. Akikubali, msimhubirie wala msimkemee. Muulizeni kama amepanga. Asiachwe peke yake. Dawa za nyumbani na za shambani zifungiwe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata ya wilaya inatosha kuanzia. Maombi yaendelee njiani, yasimcheleweshe kufika. Akikana na nyinyi bado mna wasiwasi, rudini kumuuliza baada ya siku chache. Asiyeweza kuzungumza na wa nyumbani apewe namba 116, simu ya watoto isiyolipiwa, Tanzania na Kenya. Kama kuna kijana mliyemfikiria mlipokuwa mkisoma haya, muulizeni leo.