Kima Mwenye Sauti ya Ngurumo

Katika misitu ya mashariki mwa Brazili, Amerika ya Kusini, yuko kima wa rangi ya kahawia ambaye ngurumo yake husikika umbali wa kilometa nzima na zaidi. Hukaa juu mitini, akila majani, matunda na maua. Kwa kuwa majani hayampi nguvu nyingi, hupumzika sehemu kubwa ya mchana. Mbegu alizozimeza huanguka pamoja na mavi yake, na miti mipya huota.

Kati ya miaka 2016 na 2018 homa ya manjano iliua kima kwa maelfu. Watu wengine wakawapiga, wakidhani ndio waenezao ugonjwa. Kumbe mwenye kuueneza ni mbu! Msitu uliozoea ngurumo ukinyamaza ghafula, ni onyo kwa wanadamu wachanjwe mapema. Basi, amwuaye kima huyo amwua mlinzi wake.