Kutia moteri ya 1600 katika Volkswagen ya zamani



Kuko ulizo moja linalorudia mara nyingi garajini. Mtu iko na Volkswagen 1200 ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe. Ikipakia watu wane na mizigo, inapanda mlima polepole sana. Basi anataka kutoa moteri ile na kutia ya 1600. Inawezekana? Ndiyo. Lakini moteri haiko peke yake ndani ya gari. Tuangalie mambo moja moja.

1. Hesabu ya moteri

1200 na 1600 ni nafasi ambamo pistoni zinatembea, katika silindiri zote ine pamoja. Moteri ya 1200 iko na silindiri ya upana wa milimeta 77, na pistoni inatembea milimeta 64. Mukifanya hesabu mutapata sentimeta kibe 1192. Ile ya 1600 iko na milimeta 85.5 na 69, ni kusema 1584. Nafasi ikiwa kubwa, hewa na esansi vinaingia mingi, na pistoni inasukumwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo 1200 ya miaka ya 1960 ilikuwa na nguvu ya farasi 34, na 1600 ya mwaka 1970 ilikuwa na 50. Lakini mujue: inakula esansi zaidi vilevile.

2. Kwa nini kazi inaonekana rahisi

Moteri hii iko nyuma na inapozwa na hewa. Hakuna radiatere, hakuna maji. Buloni ine tu zinaifunga na bwate ya vitesi. Ukisha kutoa nyaya, kamba ya gaz na mupira wa esansi, unaishusha chini na krike. Juu ya hii watu wengi wanazania kwamba ni kazi ya siku moja tu.

3. Mambo yasiyopatana

Gari za zamani zilitumia umeme wa volti 6, na zile za nyuma volti 12. Gurudumu la moteri la volti 6 liko na meno 109, na lile la volti 12 liko na meno 130, tena ni kubwa zaidi. Basi linagusa ndani ya bwate ya zamani, na fundi anapashwa kupunguza chuma kidogo kwa kukisugua. Demareri ya zamani haipatane na meno mapya. Batri, balbu na bobine vinabadilishwa pia, kama sivyo vitaungua.

Bwate yenyewe: ile ya 1200 inazungusha moteri zaidi kwa kila kilometa kuliko ile ya 1500. Ukiiacha, gari itapanda mlima vizuri, lakini katika barabara ya sawa moteri itapiga kelele na kuchoka mbele ya wakati.

Angalia na hewa. Bati zote zinazozunguka moteri, pamoja na mupira wa pembeni, lazima ziwepo. Bati moja ikikosekana, hewa ya moto ya chini inarudia ndani, na moteri inaungua.

4. Freni

Hapa ndipo kuna neno kubwa, na ndipo watu wanasahau. 1200 inafika kilometa 115 kwa saa. 1600 inafika karibu 130. Munaweza kusema: tofauti ni ndogo. Lakini kumbukeni somo la fizika: nguvu ambayo freni inapashwa kumaliza inafuata mbio mara mbio yenyewe. Mbio imeongezeka karibu 13 kwa 100, lakini kazi ya freni inaongezeka karibu 28 kwa 100. Na freni za 1200 ni tamburi za zamani, zinazopata moto upesi wakati wa kushuka mlima mrefu.

Hata wenye kutengeneza gari walijua hivi. Walipotoa 1500 katika mwaka 1966, waliitilia freni za diske mbele, na walirekebisha pia magurudumu ya nyuma, juu gari isipinduke katika kona. Hawakubadilisha moteri tu.

5. Basi, tufanye nini?

Kwanza, upime moteri ya zamani: kompresio, supape, karburatere. Mara nyingi gari isiyopanda mlima haiko ndogo, iko mgonjwa. Ukiiponyesha, utaokoa feza nyingi.

Kama bado unataka 1600, anza na freni, kisha pneu, kisha umeme, na moteri mwisho. Ao feza zikitosha moteri tu, ungoje. Karte roze nayo ipatane na gari lenyewe.

Mtu anayepanda nyuma haone kilicho chini ya gari. Anaona rangi tu, anasikia moteri inavuma vizuri, anaketi na mtoto wake. Fundi peke yake ndiye anajua kama gari ile inaweza kusimama.

Zoezi: Moteri yenye silindiri ine, upana milimeta 83, mwendo wa pistoni milimeta 69. Tafuteni ukubwa wake. Mukipata karibu 1493, mumeona sawa: ni ile 1500 ya freni za diske.