Istilahi za Kuunda Upya Tovuti ya Chama

Baadhi ya vyama vya ushirika nchini vina tovuti, au vinakusudia kuwa nazo. Lakini chama kuwa na tovuti ni jambo moja, na mwanachama kulipata humo analolitafuta ni jambo jingine. Kazi ya kuunda upya tovuti kwa kuwachunguza kwanza wanaoitumia imekwisha kuwa taaluma kamili yenye maneno yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana nne za taaluma hiyo na kupendekeza istilahi zake. Mifano yetu itatoka Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji mwaka 2016, ambako wakulima wa korosho huuza zao lao kwa njia ya vyama vya msingi.

Chanzo cha taaluma hii ni cha zamani kuliko tovuti zenyewe. Mwaka 1985, John Gould na Clayton Lewis wa Marekani walieleza kanuni tatu za kusanifu mitambo ya kompyuta: kuwashughulikia watumiaji tangu mwanzo, kupima kwa vitendo, na kusanifu tena kila kasoro inapoonekana. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilifungua tovuti ya GOV.UK, iliyopangwa kwa kufuata mahitaji ya mwananchi badala ya mgawanyo wa wizara.

Tumfikirie sasa mkulima wa Kibiti. Amepeleka korosho zake ghalani chini ya mfumo wa stakabadhi za ghala, ulioanza kutumika katika zao hilo msimu wa 2007/2008. Anataka kujua mambo matatu: korosho zimeuzwa mnadani kwa bei gani, amekatwa nini, na fedha zake zitaingia benki lini. Akikuta tovuti imegawanywa katika "Utawala", "Fedha na Uhasibu" na "Masoko", atajuaje abishe mlango upi? Mgawanyo huo unafuata vyumba vya ofisi, haufuati maswali yake. Kwa mtu aishiye katika delta, ambako safari huanza kwa mtumbwi au boti, kasoro hiyo si ndogo: swali lisilojibiwa kwenye simu humgharimu nauli na muda wa kazi.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

(a) Mtumiaji. Neno hili limekwisha kuzoeleka. Lisichanganywe na mlaji, ambaye katika uchumi ni mnunuzi wa bidhaa kwa mahitaji yake, wala na mwanachama. Kijana anayemfungulia babu yake tovuti kwenye simu ni mtumiaji, ingawa jina lake halimo katika daftari la chama. Uchunguzi unaotegemea daftari peke yake utamsahau.

(b) Utafiti kuhusu watumiaji. Wengine husema "utafiti wa watumiaji", lakini usemi huo una maana mbili. "Utafiti wa korosho" ni ule unaohusu korosho. "Utafiti wa wataalamu" ni ule uliofanywa na wataalamu. Neno kuhusu huondoa utata. Yafaa ikumbukwe kwamba kumwuliza mtu kama anaipenda tovuti hakutoshi. Mtumiaji hupewa kazi halisi, kwa mfano kutafuta bei ya mnada uliopita, na mtafiti hukaa kimya akitazama ni wapi anakwama.

(c) Upangaji wa vikaratasi. Katika njia hii kila habari ya tovuti huandikwa juu ya kipande cha karatasi, kisha watumiaji huvikusanya vipande hivyo katika mafungu na kuyapa mafungu majina. Tumeliepuka neno kadi kwa sababu katika chama kadi ni ile ya uanachama. Mtu akiambiwa "tutapanga kadi" huenda akahofia uanachama wake.

(d) Utumikaji. Usemi "urahisi wa matumizi" umeenea, lakini hautoshelezi. Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2018, kinataja mambo matatu: mtumiaji kulifikia lengo lake, kulifikia bila kupoteza nguvu na muda, na kuridhika. Urahisi ni sehemu tu ya hayo. Utumikaji, kutokana na kitenzi tumika, huyabeba yote.

Hata hivyo, istilahi hizi ni za wasanifu na watafiti. Si lazima zionekane mbele ya mwanachama. Wakulima wa bonde la Rufiji hukiita mlau kilimo cha kupanda maji ya mafuriko yanapopungua. Neno hilo lilikuwa lao kabla halijaingia katika maandishi ya wataalamu, na mtaalamu aliyetaka kueleweka hakuwa na budi kulitumia. Vivyo hivyo, iwapo wanachama wakipanga vikaratasi wataliita fungu moja "Makato" na jingine "Malipo yangu", majina hayo ndiyo yawekwe katika tovuti, hata kama mhasibu analo neno zito zaidi. Sisi wenye kazi ya kuunda istilahi hatuna budi kujua pia ni wapi neno lililokwisha kuwako midomoni mwa watu linatosha.

Tunawaomba wasomaji, hasa viongozi na wanachama wa vyama vya ushirika, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajajadiliwa na kusanifiwa.