"ANKO, HUYU NI ASKARI WA NANI?"

Kwetu Bagamoyo mtoto akiona sanamu anauliza bei. Usimcheke. Kazaliwa anaona vijana wanachonga vinyago vya kuwauzia Wazungu, atajuaje kuwa kuna sanamu haiuzwi?

Basi juzi nikamchukua mpwa wangu, kidato cha pili, tukapanda basi mpaka Makumbusho, tukaunga daladala ya Posta. Nikamsimamisha mbele ya Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe.

"Huyu nani?"

Akakuna kichwa. "Mwanajeshi wa Vita vya Kagera?"

Jamani! Na Historia kapata B.

Nikamwambia asome mwenyewe, maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Akasoma polepole huku wapita njia wanamgonga mabega. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Aliyeitengeneza ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, ikasimamishwa 1927. Singe ya bunduki imeelekea bandarini.

"Sasa anko, huyu ni askari wa nani?"

Hapo nikajua nauli yangu haijapotea. Wa Mwingereza, nikamjibu. Na wa Mjerumani aliopigana nao, wengi walikuwa weusi kama yeye. Kijana kimya.

Nikamwongezea. Kabla ya huyu, Dar ilikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyezima vita vya pwani yetu, Bushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wissmann kasimama juu, askari Mwafrika yuko chini anamtazama. Waingereza walipouteka mji wakaing'oa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Unajua nani waliiangusha? Wanafunzi! Waliivuta 1967, ikarudishwa, wakaivuta tena 1968 na ikawa basi. Watoto wa Kijerumani wenyewe hao.

"Kumbe. Na sisi tuiangushe hii?"

Mimi nasema hapana, ibaki. Ila walimu wetu waache kuleta wanafunzi mjini, picha moja, soda moja, turudi nyumbani. Wawaache wabishane pale pale. Kwa mfano, wapagazi wako wapi? Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na njaa wakibeba mizigo ya vita ile. Sanamu ya Nairobi, kazi ya Stevenson huyo huyo, ina watu watatu na mmoja ni mpagazi. Ya Dar ina mwenye bunduki peke yake.

Jioni tukarudi. Bunju tumepita, Mapinga tumepita, bwana mdogo hasemi kitu, nikadhani kachoka. Tunakaribia Kerege akanigusa.

"Anko, wangekuja kuandikisha watu wa Bagamoyo, mshahara upo, kofia ipo, wewe ungekwenda?"

Mie kazi sina tangu nimalize fomu foo, ukiacha hizi makala. Nikajifanya nimelala.