Maua ya Maboga na Wageni Wake wa Alfajiri

Mvua za masika zikipungua na jua likianza kurudi, bustani za nyumbani hupendeza kuliko wakati mwingine wowote. Maharage huchanua, na maboga hufungua maua yake makubwa ya manjano kabla moto wa asubuhi haujawashwa jikoni. Mwezi huu twataka kusema habari za maua hayo, kwa kuwa tuliona jinsi yalivyokaribia kuzitenga nyumba mbili za Wakristo.

Mama mmoja wa ushirika wetu alipanda maboga nyuma ya jiko lake. Aliyatilia samadi ya mbuzi, wala hakutumia dawa ya dukani. Miche ikastawi, viboga vikaonekana. Lakini kila kiboga kilipofika ukubwa wa ndimu kiligeuka manjano, kikalainika, kikaanguka. Sasa jirani yake, naye ni mbatizwa, alikuwa amepita siku moja akayasifu maua yale. Basi yule mama akawaza moyoni kwamba katika sifa zile mlikuwamo jicho la husuda. Akaacha kumwamkia. Jumapili wakakaa kila mmoja upande wake, na watoto wao wakakatazwa kwenda kisimani pamoja.

Tulipokwenda kumtazama, alitwambia, “Mwalimu, najua ya kuwa mambo hayo tuliyaacha siku ya ubatizo. Lakini viboga kumi vimeanguka. Nifikiri nini?” Hatukumkemea, maana swali lake lilikuwa la haki. Tulimwomba tu ruhusa ya kurudi alfajiri.

Ua la boga hufunguka kungali mapema, nalo hufumba kabla ya adhuhuri, lisifunguke tena. Tena maua hayo ni ya namna mbili katika mche mmoja. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, na ndani yake mna unga wa manjano uitwao chavua. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake tangu siku ya kwanza. Kiboga hicho hakikui ila chavua ya dume ifike katikati ya ua jike, na chavua hiyo ni nzito, yenye kunata, hata upepo hauwezi kuichukua. Nyuki ndiye mchukuzi wake. Huingia kutafuta maji matamu, hutoka amejaa unga, kisha huupeleka katika ua lingine.

Asubuhi ile tuliona maua jike matatu, wala ua dume hata moja. Tukauliza. Binti wa nyumba akaleta kikapu kilichojaa maua ya kupikwa mboga. Mama yake alikuwa amemwonya asiguse ua lenye kiboga, asije akapunguza mavuno. Naye alitii sana, akachuma yale mengine yote kila siku. Tena palikuwa kimya, pasipo mvumo wa nyuki. Baba wa nyumba akakumbuka kwamba kabla ya masika aliwachoma moto nyuki waliokaa katika tundu la mwembe.

Mambo haya si mageni. Mwaka 1787 mwalimu mmoja wa Ujerumani, jina lake Christian Konrad Sprengel, aliona vinyweleo vidogo ndani ya ua la porini. Kwa kuwa aliamini kwamba Muumba hafanyi kitu bure, alichunguza hata akatambua kazi ya wadudu katika maua. Mwaka 1793 alichapisha kitabu chake huko Berlin. Wengi hawakumjali, lakini leo wakulima wa dunia nzima huyategemea maarifa hayo.

Basi tukamwonyesha yule mama la kufanya. Kesho yake aliyaacha maua dume mawili, akayachuma asubuhi yalipofunguka, akayaondoa majani yake ya manjano, akagusisha unga wake katikati ya maua jike. Siku ya saba viboga vile vilikuwa vikubwa kuliko ngumi, navyo vilishika.

Nanyi wenye bustani, fanyeni hivi. Chumeni maua dume kwa kiasi, mkiacha machache kila asubuhi. Msinyunyize dawa ya kuua wadudu juu ya maua yaliyofunguka. Nyuki wakikaa mahali pa hatari, mwiteni mrina asali awahamishe. Yule mdudu mkubwa mweusi atoboaye boriti, mwacheni gogo lake kavu pembeni, maana yeye ndiye afaaye sana kwa maua ya pasheni. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa kazi ile. Kweli, si kila kiboga kianguka kwa sababu hiyo moja: ukame na nzi wa matunda huharibu pia. Lakini tazameni kwanza ndani ya ua, kabla ya kutazama nyumba ya jirani.

Boga la kwanza lilipokomaa, yule mama alilichukua kichwani, akaenda nalo mlangoni pa jirani yake. Akasema, “Dada, nilikudhania mabaya. Nisamehe.” Yule akanyamaza kidogo, kisha akajibu, “Nami nilidhani umenichoka. Pita ndani.” Jioni ile watoto walikwenda kisimani pamoja, na boga lile likaliwa na nyumba zote mbili.