Probox Yataka Miguu Kabla ya Nguvu

Fundi yeyote anayeshughulika na Probox atakwambia wateja humjia na maombi mawili: gari lipande mlima bila kulemewa, na lisiyumbe kwenye kona. La kwanza hulipiwa haraka. La pili huahirishwa hadi pesa zipatikane, na wakati mwingine ajali hutangulia. Ninataka kulitetea hilo la pili.

Toyota walipoizindua Probox mwaka 2002, walimlenga mfanyakazi wa Japani: mchuuzi wa kampuni, mpeleka vipuri, fundi mwenye ngazi na visanduku vyake. Kule husajiliwa kama gari la mizigo, lenye ruhusa ya kilo 400 wakiwa watu wawili, au kilo 250 wakiwa watano. Wajapani humhesabu mtu kwa kilo 55, kwa hiyo watu na mizigo yao wote pamoja hawafiki kilo 530. Linganisha na safari zetu za Meru au Nyandarua hapa Kenya. Watu tisa wa kilo 65 kila mmoja, dereva akiwemo, ni kilo 585 kabla hujafunga gunia la viazi nyuma. Halafu gari hilo hilo linatakiwa likimbie.

Injini yake ya lita 1.5, 1NZ-FE, hutoa nguvu farasi 109. Ni ya ukoo mmoja na ya Vitz RS na Fielder za enzi hizo, ndiyo maana vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi. Lakini namba hiyo ni ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na pistoni huvuta oksijeni kidogo. Mombasa unazo zote. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, umebaki na kama 90. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, unapanda na 80 hivi. Dereva anayelalamika kwamba injini imechoka kila afikapo huko huenda hana ugonjwa wowote wa kutibu.

Zipo hata hivyo zilizochoka kweli. Mfumo wa VVT-i hutumia presha ya oili kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu. Oili ikikaa hadi ikawa tope, valvu ndogo inayoiongoza hukwama na gari hupoteza uhai. Kwa hiyo anza na oili na filta yake, plagi, filta ya hewa, kusafisha throto na sensa ya hewa, kupima kompresheni, kisha uangalie kama katalitiki kwenye ekzosi imeziba. Kazi hiyo hurudisha nguvu nyingi kuliko ekzosi pana ya kelele, ambayo kwenye injini hii huongeza sauti tu.

Anayetaka zaidi ya hapo atataja turbo, na hakosei. TRD, tawi la michezo la Toyota, liliwahi kutoa Vitz RS ya turbo yenye nguvu farasi 150 kwa injini ya ukoo huu. Ila kompresheni ya 1NZ-FE ya kawaida ni 10.5 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya turbo bila kupanga upya kompyuta, injekta na muda wa cheche, petroli hulipuka kabla ya wakati na pistoni hupasuka. Ukibadilisha injini yenyewe, kitabu cha gari nacho lazima kibadilishwe na bima iarifiwe.

Sasa miguu. Mtindo ulioenea ni kuinua gari. Fundi hufungua springi, huchomeka spesa ya mpira mgumu au alumini, na gari husimama inchi moja au mbili juu zaidi. Kwenye barabara ya mawe tumbo haligongi, na hilo ni jambo la maana kwa mtu wa mashambani. Hasara haionekani gari likiwa limeegeshwa. Kitovu cha uzito kimepanda ilhali upana kati ya magurudumu ni ule ule, basi kila kona gari hulala zaidi. Shokapu imevutwa karibu na mwisho wake, haina nafasi ya kufuata gurudumu likiingia shimoni. Ekseli za mbele huzunguka kwa pembe kali na buti zake huchanika. Wengine huongeza springi nzito nyuma huku shokapu zikiwa kuukuu zile zile. Springi inaporudi kwa nguvu bila kizuizi, nyuma ya gari hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala kona.

Fundi mzuri huegemeza mikono kwenye kona ya nyuma ya gari, husukuma chini kwa uzito wa mwili wote, kisha huachia. Gari lipande mara moja na kutulia. Likipanda, likashuka, likapanda tena, shokapu imekufa. Akiifungua, utaona imelowa oili iliyoshikana na vumbi. Sukuma fimbo yake kwa kiganja, inaingia bila ukinzani wowote na kubaki huko huko. Hiyo ndiyo iliyotegemewa jana kutuliza gari lenye watu tisa.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwa shokapu nne mpya zinazolingana na springi, bushi, bolojointi, kisha alaimenti. Ya pili iende kwa tairi. Soma ubavuni: namba 82 maana yake tairi hubeba kilo 475, 88 hubeba 560. Tairi ya mizigo huandikwa C au LT, na ukuta wake haupindi ovyo kwenye kona. Wengi huzing'oa na kuweka za saluni kwa sababu ni laini na bei yake ni nafuu. Mkaazi wa mjini anayetembea kwenye lami tu anaweza hata kulishusha gari sentimita mbili tatu kwa springi fupi zilizoundwa kwa kazi hiyo, kama wafanyavyo wapenzi wa Probox huko Japani. Kukata springi kwa grainda nakupinga kabisa.

Breki ndizo husahauliwa zaidi. Kutoka kilomita 80 hadi 120 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka zaidi ya mara mbili, na nyuma Probox ina ngoma, haina diski. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyozeeka. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa Salgaa huchemka, na pedali huzama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, weka pedi za maana, na mteremkoni ushuke gia mapema, injini ikusaidie kushika gari.