Je, Wajua? Mfalme George wa Nne na Watu wa Nyumbani Kwake

Je, wajua kwamba George wa Nne wa Uingereza alifunga ndoa ya pili huku mke wa kwanza yu hai na hajaachwa? Desemba 1785, akiwa bado mrithi wa kiti cha enzi mwenye umri wa miaka 23, alimwoa kwa siri Maria Fitzherbert, Mkatoliki aliyekwisha kufiwa na waume wawili. Sheria ya 1701 ilimnyima ufalme yeyote aliyeoa Mkatoliki, na ile ya 1772 ilimtaka apate idhini ya baba yake, George wa Tatu. Hakuiomba. Mbele ya serikali ndoa hiyo ilikuwa batili. Maria mwenyewe alijihesabu mke wake.

Wajua kilichomsukuma kwenye ndoa ya pili? Madeni. Kufikia 1795 alidaiwa takriban pauni 630,000, fedha zilizoishia kwenye farasi, mavazi, vito na kasri lake la Carlton House. Alijua kwamba akioa, Bunge litamwongezea posho. Akaletewa Caroline wa Brunswick, binti wa shangazi yake, ambaye hakuwa amewahi kumwona. Siku walipokutana alimkumbatia, akajitenga pembeni, akamwomba mjumbe aliyemleta, Lodi Malmesbury, glasi ya brandi kwa kuwa hajisikii vizuri, kisha akatoka. Caroline akauliza kama ndivyo alivyo siku zote, akasema ni mnene, tena picha yake ilimpendezesha mno. Siku tatu baadaye waliozwa, bwana harusi akiwa amelewa.

Na je, wajua alichomwandikia mke huyo katika wosia? Binti yao, Charlotte, alizaliwa Januari 7, 1796. Siku tatu baadaye George aliandika kwamba mali yake yote iende kwa Maria. Caroline, aliyekuwa bado kitandani na uchovu wa uzazi, aliachiwa shilingi moja.

Maisha ya Charlotte ndiyo yanayoniuma kuliko yote. Wazazi walitengana mapema, na baba akapanga ni lini mtoto amwone mama yake. Mwaka 1814 alimchumbisha kwa William wa Orange, mwana wa mtawala wa Uholanzi; Charlotte akauvunja uchumba. Baba alipoamuru watumishi wake wafukuzwe na yeye afungiwe ndani, binti huyo wa miaka 18 alitoka mbio hadi barabarani, akakodi gari la farasi kama mtu yeyote wa London, akaenda kwa mama yake. Ami zake, mawakili na wakubwa wa serikali walimbembeleza usiku kucha mpaka akakubali kurudi.

Mwaka 1816 aliolewa na aliyempenda, Leopold wa Saxe-Coburg. Mwaka uliofuata alishikwa na uchungu wa uzazi kwa takriban saa 50. Mtoto wa kiume alizaliwa mfu, na saa chache baadaye, Novemba 6, 1817, mama naye akafa. Alikuwa na miaka 21. Nchi nzima ilivaa nyeusi. Daktari wake, Richard Croft, alijipiga risasi miezi mitatu baadaye.

Wajua kwamba mfalme alimshtaki malkia mbele ya Bunge? Ilikuwa 1820, alipokuwa ndio kwanza amerithi ufalme. Caroline, aliyekuwa akiishi Italia, alirudi kudai haki yake, naye George akataka sheria ya kumvua umalkia na kuivunja ndoa kwa madai ya uzinzi. Watu waliowajua hawara za mfalme walikasirika, wakajaa mitaani kumshangilia Caroline. Kura ya mwisho katika Bunge la Malodi ilipita kwa tofauti ya 9 tu, na serikali ikauondoa mswada. Julai 19, 1821, siku ya kutawazwa kwa George, Caroline alifika kwenye milango ya Westminster Abbey akazuiwa kuingia. Hazikupita wiki tatu akafariki.

George naye apewe haki yake: alikuwa na jicho la sanaa kuliko wafalme wengi wa nchi hiyo. Alitoa kwa taifa maktaba ya baba yake, vitabu takriban 65,000, na alijenga kasri la ajabu la Brighton.

Alipofariki Juni 26, 1830, gazeti la The Times liliandika waziwazi kwamba hakuna mtu aliyesikitikiwa kidogo kuliko yeye. Alizikwa na picha ndogo ya Maria shingoni.

Je, wajua matokeo ya kifo cha Charlotte? George hakuwa na mtoto mwingine wa kumrithi, kwa hiyo ndugu zake wakakimbilia kuoa. Mmoja wao, Edward, alimwoa dada yake Leopold, wakamzaa Victoria, malkia wa baadaye, mwaka 1819. Leopold naye alifanywa mfalme wa kwanza wa Wabelgiji mwaka 1831, akaoa tena. Mwanawe wa ndoa hiyo ni Leopold wa Pili, ndiye yule aliyeitwaa Kongo mwaka 1885 kama mali yake binafsi na kuwatesa watu wake kwa ajili ya mpira.